Sasisho kubwa la simu limeingia. Ubonyeze leo ama ungoje?

Saa mbili usiku, Kaloleni. Umefunga kibanda, watoto wamekula, sasa umeketi na simu unahesabu mauzo ya leo. Kabla hujafika mwisho, ujumbe unajitokeza juu ya skrini: toleo jipya la mfumo wa simu yako liko tayari, ukubwa wake GB 2 na ushei. Chini yake kuna vibonyezo viwili, kimoja cha kukubali na kingine cha kuahirisha. Wengi hubonyeza cha kuahirisha bila kufikiri, na kesho ujumbe unarudi. Wengine hubonyeza cha kukubali bila kufikiri pia, halafu saa kumi alfajiri, wakiwa njiani kwenda Marikiti kuchukua mzigo, wanapata simu inawauliza nambari ya siri waliyoiweka mwaka juzi.

Kila mara toleo jipya la Android au la iPhone linapotoka, swali linalotufikia ni lile lile: nikiapdeti, pesa zangu zitakuwa sawa? Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu ndilo tumeandika hapa, kwa sababu pesa kuwa sawa ni jambo moja, na wewe kuweza kuzifikia asubuhi ni jambo lingine.

Pesa haziko ndani ya simu

Tuanze na hofu kubwa. Salio lako halikai kwenye simu wala kwenye laini. Linakaa kwenye daftari la akaunti yako katika mitambo ya kampuni, na simu ni mlango tu wa kuingilia. Simu ikizima katikati ya sasisho, ikiibiwa kwenye dirisha la matatu Jogoo Road, au ikitumbukia kwenye karai ya samaki, salio linabaki vile lilivyokuwa.

Lakini mlango ukifungwa wakati mbaya, hasara ni ya kweli. Tuseme wewe ni mama mboga. Mwenye nyanya hakungoji hadi saa nne upate fundi; mzigo ataubeba mwingine. Ama ni tarehe tano na mwenye nyumba anataka kodi. Ama wewe ndiye mweka hazina wa chama na leo ni zamu ya mtu kupokea. Kwa hivyo ukiona ule ujumbe wa sasisho, jiulize kwanza: simu hii ikinikatalia kesho asubuhi, niko na njia nyingine? Kama jibu ni hapana, usibonyeze usiku huo. Tafuta njia ya pili kwanza. Tutaeleza vipi.

Kuziba kigae na kufumua paa

Neno "apdeti" mtaani linabeba vitu vitatu tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakoleta shida.

Cha kwanza ni sasisho la programu moja moja, kama WhatsApp au programu yetu ya malipo. Hili huja kupitia Play Store au App Store, huwa dogo, na halihitaji simu izime. Lichukue tu.

Cha pili ni sasisho la usalama, na cha tatu ni toleo jipya la mfumo wote. Kama umeishi Kaloleni unaweza kuvielewa kwa kuangalia juu. Nyumba zile za miaka ya 1940 zina paa za vigae. Kigae kimoja kikipasuka, unampandisha fundi, anakibadilisha, jioni mnalala kama kawaida. Sasisho la usalama ni hilo: tundu limejulikana, linazibwa. Kwa kawaida ni MB kadhaa hadi mia kadhaa, simu inazima na kuwaka, na hakuna kilichohama mahali pake. Google hutoa orodha ya matundu yaliyozibwa kwenye Android kila mwezi, kisha kila mtengenezaji wa simu huyapeleka kwa simu zake kwa kasi yake mwenyewe. Wengine hupeleka kila mwezi, wengine kila miezi mitatu, wengine wakikumbuka.

Toleo jipya ni kufumua paa lote huku mkiwa bado mnaishi ndani. Android 14 kwenda 15, au 15 kwenda 16, ni kazi ya namna hiyo. Vitu vya nyumbani vinabaki, picha zako zinabaki, ujumbe unabaki, lakini kila kitu kinasogezwa kidogo. Programu ambazo waandishi wake hawajajiandaa zinaweza kugoma. Ikoni ya menyu ya laini inaweza kuhamia ukurasa mwingine ukadhani imepotea. Na ukishaingia toleo jipya, kurudi la zamani si rahisi: kwenye simu nyingi, kurudi maana yake ni kufuta kila kitu, kama fundi anakubali kabisa.

Msimamo wetu kwa hayo mawili haufanani. Sasisho la usalama, lichukue wiki hiyo hiyo. Toleo jipya, ngoja wiki mbili hadi nne, kisha lichukue.

Kwa nini ungoje kidogo

Septemba 2014 Apple ilitoa sasisho la iOS 8.0.1. Watu walioliweka kwenye iPhone 6 na 6 Plus, ambazo zilikuwa na siku chache tu sokoni, wakapata simu zimepoteza mtandao. Hakuna kupiga, hakuna ujumbe, na alama ya kidole haikusoma. Apple ikaliondoa muda mfupi baadaye, na kabla ya wiki kuisha toleo lililorekebishwa lilikuwa limetoka. Fikiria hilo kwa mtu anayelipwa kwa simu. Simu inawaka vizuri, picha ziko, muziki unapiga, lakini mtandao hakuna. Kwake yeye hiyo ni redio ya bei ghali.

Oktoba 2023 ilikuwa zamu ya Android 14. Baadhi ya simu za Pixel zilizokuwa na watumiaji zaidi ya mmoja ndani yake zilijifungia sehemu ya kuhifadhi vitu, wenye simu wakashindwa kufikia picha na faili zao. Na Aprili 2025 Samsung ilisimamisha kwa muda usambazaji wa toleo lake la One UI 7 baada ya wenye Galaxy S24 huko Korea Kusini kushindwa kufungua simu zao.

Hizi ni kampuni zenye wahandisi maelfu. Hatuzitaji ili kukutisha. Zinajua kwamba makosa hutokea, ndiyo maana watengenezaji wengi wa simu za Android husambaza toleo jipya kwa awamu: kwanza simu chache, halafu zaidi, halafu zote. Ukingoja wiki mbili tatu unawaachia wale wa mbele wakanyage miiba. Ofisini kwetu tuko na mwenzetu mmoja ambaye hubonyeza siku ya kwanza kila mwaka, na tunamshukuru sana, mradi si yeye anayeshika simu ya huduma kwa wateja asubuhi hiyo.

Na kwa nini usingoje milele

Hapa ndipo wengi wanakosea. Wanasikia "ngoja", wanangoja mwaka mzima.

Mei 2017 virusi vya kompyuta vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, vikafunga mafaili na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Tundu lililotumiwa lilikuwa limezibwa na Microsoft tangu Machi mwaka huo, karibu miezi miwili mapema. Kompyuta nyingi zilizoumia ni zile ambazo sasisho halikuwa limewekwa. Hilo lilikuwa sasisho la usalama, yaani kigae kimoja tu, ndiyo maana hatukushauri kungoja kwa aina hiyo.

Sasa angalia jambo ambalo watu hawaambiwi. Kwenye simu nyingi za Android, toleo jipya likishafika kwa simu yako, masasisho ya usalama yanayofuata hutengenezwa kwa ajili ya toleo hilo jipya. Ukikataa kuhama, unabaki na vigae vya mwezi ule wa mwisho. Unadhani umekataa paa jipya tu, kumbe umekataa pia fundi wa kuziba. Ndiyo maana tunasema wiki mbili hadi nne, si mwaka.

Kuna faida zingine pia, na zinagusa pesa moja kwa moja. Android 13, iliyotoka Agosti 2022, iliweka kizuizi kwa programu zilizoingizwa kutoka nje ya duka rasmi: haziwezi kirahisi kupewa ruhusa ile ya kusoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako, ambayo iliwekwa kusaidia watu wenye ulemavu. Wezi wa mitandaoni wanaipenda sana ruhusa hiyo, kwa sababu kupitia hiyo programu mbaya inaweza kukuona ukiandika nambari ya siri. Kizuizi hicho si ukuta usiorukika, lakini afadhali kiwepo.

Halafu kuna wizi wa mkononi. Mwaka 2024 Google ilianza kusambaza kinga ya wizi kwa simu nyingi zenye Android 10 kwenda juu: simu ikihisi imenyakuliwa na mtu anakimbia nayo, inajifunga skrini, ikikatwa mtandao kwa muda, inaweza kujifunga pia. Iko kwenye Mipangilio, upande wa Google, na mara nyingi inakuja ikiwa imezimwa. Mtu anayepita Muthurwa jioni na simu mkononi ana sababu ya kuiwasha leo. Kama simu yako bado iko Android 9 na toleo jipya limekuwa likikungoja, hiyo ndiyo sababu ya kutosha.

Ile ya "apdeti huua simu"

Tunaisikia sana, na haikutoka hewani. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba sasisho lake lilipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ikisema ni kuzuia zisizime ghafla. Ililazimika baadaye kukubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi Marekani. Kwa hivyo anayesema simu yake ilizembea baada ya sasisho huenda anasema kweli.

Lakini mara nyingi sababu ni nyingine. Siku moja au mbili baada ya toleo jipya, simu hupanga upya vitu vyake ndani: inapata joto, betri inaisha haraka, programu zinachelewa kufunguka. Ipe siku tatu kabla hujailaani. Na kama simu ina RAM ya GB 2 na nafasi imejaa video za WhatsApp, toleo kubwa litaielemea kweli. Kwa simu kama hiyo tunakushauri usafishe kwanza. Ukishindwa kupata GB 5 au 6 za nafasi tupu, chukua masasisho ya usalama na uachane na lile kubwa kwa sasa.

Usiku kabla ya kubonyeza

Hii ndiyo sehemu yenye kazi.

Sasisho kubwa huzima na kuwasha simu. Inaonekana jambo dogo, lakini simu yako huenda haijazimwa miezi sita. Ikiwaka upya, alama ya kidole haikubaliki hadi kwanza uandike nambari ya siri au uchore ule mchoro wa kufungua skrini. Mtu aliyezoea kidole kila siku anaweza kuwa amesahau kabisa. Vivyo hivyo na laini: kama uliwahi kuweka nambari ya siri ya laini, simu itaiuliza. Ukikosea mara tatu inadai PUK, na PUK ukiikosea mara kumi laini imekufa, uende dukani na kitambulisho kutafuta nyingine. Kwa hivyo leo, kabla ya kitu kingine chochote, zima simu na uiwashe mwenyewe ukiwa umeketi bila haraka. Kama kuna nambari umeisahau, utajua sasa, si kesho alfajiri ukiwa kwa foleni ya mzigo.

Ya pili ni akaunti ya Google, na hapa tuna kisa tunachokutana nacho tena na tena. Mtu alinunua simu, yule kijana wa duka akamfungulia akaunti pale pale kwenye kaunta, kwa barua pepe aliyoijua yeye na nenosiri alilolitunga yeye. Simu ikafanya kazi miaka mitatu bila shida. Siku sasisho linakwama, dawa iliyobaki ni kufuta simu yote ianze upya, na simu ikianza upya inauliza: ile akaunti iliyokuwa hapa ni ipi, na nenosiri lake ni lipi? Swali hilo ni kinga dhidi ya wezi, lilianza na Android 5.1 mwaka 2015, na halijui kwamba wewe si mwizi. Kijana wa duka alishahama. Unabaki na simu nzima, nzuri, isiyofunguka.

Kujua kama hili linakuhusu ni rahisi. Fungua Play Store, gusa kile kiduara cha juu kwenye kona, usome anwani ya barua pepe. Kama huitambui, fungua akaunti yako mwenyewe, iongeze kwenye simu, hamisha majina ya watu kwenda huko, kisha uiondoe ile ngeni. Andika nenosiri kwenye karatasi uiweke na vyeti vya nyumbani. Tunajua washauri wengine hawapendi karatasi. Kwetu sisi, karatasi iliyofungiwa kwenye sanduku ni salama kuliko nenosiri lililo kichwani mwa mtu wa duka.

Ya tatu ni njia ya pili ya pesa, ile tuliyoahidi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, simu nyingi mikononi mwa watu zilikuwa za vibonyezo, kwa hivyo huduma za pesa nchini zilijengwa juu ya menyu ya laini na nambari za nyota na reli. Urithi huo bado ni bahati yako. Toa laini kwenye simu kubwa, iweke kwenye kabambe, na unaweza kutuma, kulipa na kuangalia salio bila Android yoyote. Tafuta kabambe, hata ya kuazima kwa jirani, uichaji, ujaribu laini humo mara moja kabla ya sasisho. Jaribu kweli, usikisie: laini za sasa zimekatwa ndogo na huenda ukahitaji kile kiplastiki cha kuiongezea ukubwa. Na kama laini yako ni ile ya ndani kwa ndani isiyotolewa, yaani eSIM, hakuna cha kuchomoa. Kwako njia ya pili itakuwa laini nyingine yenye salio kidogo, ama pesa taslimu za mzigo wa kesho mfukoni.

Wenye tili na maejenti, ninyi hatuwaombi, tunawasihi. Msiapdeti simu ya kazi na simu ya akiba usiku mmoja. Moja kwanza, nyingine baada ya wiki.

Mengine ni mepesi. Chaji ifike nusu kwenda juu, na simu ikae kwenye chaja; stima ikipotea, chaji iliyo ndani imalizie kazi. Simu nyingi za miaka ya karibuni huandika toleo jipya pembeni huku la zamani likiwa limebaki, na jipya likikataa kuwaka simu hurudi kwa la zamani. Simu za nyuma hazina bahati hiyo. Pakua kwa Wi-Fi, ya saiba au ya nyumbani, kwa sababu GB 2 za bando ni pesa ambayo ungenunulia unga. Hamisha picha na majina mahali pengine. Na usitegemee ujumbe wa miamala kuwa ndio daftari lako: simu ikifutwa ujumbe huo unaenda nao. Omba taarifa ya akaunti mapema kama kuna malipo unayobishania na mtu.

Siku ya kubonyeza iwe jioni ambayo kesho yake huna safari ya soko, kodi wala chama, na maduka yetu yatakuwa wazi. Kwa wengi hiyo ni Jumanne au Jumatano. Jumamosi usiku ni vibaya, kwa sababu ukikwama, Jumapili hakuna wa kukusaidia.

Sasisho la kweli haliji kwa SMS

Ukiona ujumbe wenye linki unaosema "apdeti simu yako la sivyo akaunti itafungwa", huo ni mtego. Aprili 2024 kampuni ya usalama ya Uholanzi iitwayo ThreatFabric ilieleza kuhusu programu ya wizi iliyoitwa Brokewell, iliyojificha kama sasisho la kivinjari cha Chrome. Ukurasa ulifanana na wa kweli. Aliyekubali aliingiza kitu kinachoweza kurekodi anachogusa kwenye skrini na hata kuiendesha simu akiwa ameiweka mezani.

Sasisho la mfumo hutoka ndani ya simu yenyewe. Funga ujumbe wowote uliokuja, fungua Mipangilio kwa mkono wako, nenda sehemu ya mfumo au ya kuhusu simu, uulize hapo kama kuna sasisho. Kama liko, utaliona. Kama haliko, yule aliyekutumia linki alikuwa na shughuli yake. Nasi hatutakupigia hata siku moja kukuambia uapdeti simu ukiwa kwenye laini, wala kukuuliza nambari yako ya siri.

Simu isiyoitwa tena

Kuna wasomaji ambao hawana cha kuamua, kwa sababu ujumbe wa sasisho haujafika mwaka wa pili sasa. Angalia tarehe ya sasisho la usalama kwenye Mipangilio. Kama ni ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma, simu yako huenda imeachwa.

Si kosa lako. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo ulioanza Julai 2020, wa kulipa shilingi 20 kwa siku, uliingiza watu wengi kwenye simu janja zenye Android ya Go, ile nyepesi. Simu za aina hiyo kwa kawaida hupata masasisho makubwa machache, nyingine hakuna kabisa. Hata simu ya kifahari ya mtumba haikuokoi. Galaxy S9 ilitoka 2018 ikiwa simu ya wakubwa, ikakomea Android 10, na masasisho yake ya usalama yakaisha 2022. Bado unaiona dukani iking'aa. Kulinganisha, Galaxy A16 ya mwaka 2024, ambayo si ya wakubwa, iliahidiwa miaka sita ya masasisho. Ukienda kununua, usiulize kamera pekee. Uliza inapata masasisho hadi mwaka gani, na uangalie mwenyewe kwenye intaneti kabla ya kulipa.

Simu iliyoachwa haifi siku moja. Programu ndizo huihama moja moja: kuanzia Januari 1, 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android za chini ya 5.0. Programu yetu pia ina kiwango cha chini, na tunapokipandisha tunatoa taarifa mapema. Hadi utakapopata simu nyingine, tumia nambari ya nyota na reli badala ya programu, weka salio dogo kwenye laini hiyo, na usiingize chochote kutoka nje ya Play Store.

Fundi wa Luthuli anaweza kukuambia atakuflashia toleo jipya kwa bei ya chakula cha mchana. Anaweza kweli, na Android mpya itawaka. Lakini programu za pesa huuliza simu kama mfumo wake ni ule wa mtengenezaji na kama kufuli lake la ndani halijavunjwa. Simu iliyofunguliwa hivyo hushindwa mtihani huo, na programu hukataa kufunguka. Utakuwa na sura mpya bila malipo. Na kama bado unailipia mdogo mdogo, kuiflashi kunaweza kuvunja mkataba wako.

Asubuhi yake

Umengoja wiki tatu, Jumanne imefika, umebonyeza, umelala. Asubuhi usikimbilie kumtumia mtu elfu tano kama jaribio. Andika nambari ya kufungua skrini. Angalia kama mtandao umesoma na majina ya watu yako. Fungua programu yetu. Huenda ikakuomba uingie upya na kukutumia ujumbe wa uthibitisho, na hilo ni kawaida. Ikoni ya menyu ya laini ikikosekana, zima na uwashe tena, halafu itafute kwenye orodha ya programu zote. Ikigoma bado, piga nambari ya nyota na reli. Ikigoma na hiyo, toa laini uweke kwenye kabambe, uendelee na kazi, kisha uje kwa duka letu au utupigie.

Ikiwa yote yamekaa sawa, jinunulie airtime ya shilingi kumi. Ikiingia, mrudishie jirani kabambe yake na ufungue kibanda.